Ligombo Lako Lilivyoniaibisha Makambako

Ndugu yangu Lutengano,

Mimi mzima, ila baridi ya Njombe inauma. Jumapili nilikwenda Makambako na ligombo la nyuzi ulilonichongea. Shangazi yako akawaita majirani waje wamsikie mpigaji unayemsifu. Lakini vidole vyangu vimekakamaa kwa kazi ya kubandua magome ya miti ya miwati, na kila uzi niliogusa ulikoroma. Shangazi akasema, "Chombo kizuri, mwanangu, ila mpigaji ndiye gogo!" Wote wakacheka. Niliona haya hata viazi alivyonipikia nikaviacha sahanini.

Tafadhali, usinisifu tena kwa watu. Nikirudi wewe utapiga, nami nitaimba tu, kama bado utaitaka sauti yangu. Msalimie mama, na uchongapo ufunge kitambaa puani, vumbi lisikuumize kifua.

Ndimi rafiki yako,
Yohana