Unga wa Mama kwa Chatu

Jumanne, mwezi wa tano tangu tuhamishiwe kijiji kipya

Wiki ya sita sasa, na yule mtoto wa chatu bado hali. Mama alimwokota kwenye mahame yetu, akasema mzimu wa kwetu hauachwi peke yake. Kila asubuhi anampaka mafuta na kumwekea unga wa ulezi, kama bibi alivyowawekea chatu wa zamani. Nyoka hali unga! Nimesema hadi nimechoka.

"Amekichukia kijiji hiki," mama hujibu. "Akifa, na mimi basi."

Leo uvumilivu ulinishinda. Nilikamata panya mdogo ghalani, nikamvunja miguu asikimbie, nikamtumbukiza kwenye debe la chatu. Alilia. Sikugeuza uso. Chatu akamkaba, akammeza.

Mama aliporudi akaona tumbo limevimba, akapiga vigelegele. "Unga wangu! Amekubali! Basi tutakaa hapa."

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza.

"Mama, amekula panya. Unga wako unaliwa na sisimizi."

Akaenda kuumwaga uani.

Jioni nimempelekea ugali, ameusukuma pembeni. Sasa anayekataa kula ni yeye, na sijui nivunje miguu ya nani.