Kikombe cha Wakwe

Kabiro, Kawangware

Mama Mwende,

Natumaini umeamka salama, wewe na hilo goti lako, na kwamba mvua imewakumbuka huko Kitui. Mimi sijambo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu huzipokei, wala sikulaumu, maana miezi mingi ulikuwa ukipokea unasikia nyimbo tu. Kwenye karatasi utaona mwenyewe kama mistari imenyooka.

Tangu siku ile wajomba wa kijana walipokuja kumposa Mwende, nikasinzia katikati ya sala, na mchungaji aliposema amina nikamwambia aongeze bia mbili baridi, sina raha. Uliposema kwamba siku ya ntheo, mbuzi wa posa wakiletwa, ndugu yangu Mutisya ndiye atakayekaa kwenye kiti cha baba, niliona umenizika nikiwa hai. Nikaenda kunywa kwa sababu ya hilo pia. Wiki moja baadaye ndipo nilipotafuta wa kunisaidia.

Hapa Kabiro kuna kikundi cha wanaoacha pombe, nyuma ya zahanati, hatua chache kutoka kwangu. Lakini nani aende huko aonekane na majirani? Nikaamua kwenda cha Laini Saba, Kibera, ambako hakuna anayenijua. Jumapili mchana nikavaa kofia nikapiga mguu. Nilipofika kando ya reli nikamwinamia mama wa mandazi, nikamuuliza kwa sauti ya chini kabisa. Akageuka akamwita fundi wa baiskeli ng'ambo ya reli: "Wewe, onyesha huyu mzee kikundi ya walevi." Walionionyesha njia walikuwa kama kumi, na wote kwa heshima.

Ndani ya kanisa la mabati, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mzee Kamau, mwenye ploti ninayokaa, yule aliyebandika getini tangazo kwamba mpangaji mlevi atahama. Naye alikuwa na kofia. Akaniambia amekuja kuangalia kiwanja kinachouzwa. Nikamwambia hata mimi. Zamu yake ilipofika akasimama, akakiri kwamba zile safari zake za kupanda kila jioni kukagua tangi la maji, huko juu ndiko alikoficha chupa. Nusu ya waliokuwamo walikuwa watu wa Kawangware. Wa Kibera, nimeambiwa, huja kwetu Kabiro. Usishtuke kwamba namtaja. Ya kikundini hubaki kikundini, lakini nilimwomba ruhusa, akasema Kitui ni mbali, niandike tu.

Sitakuficha kitu. Wiki ya tatu nilianguka. Mteja alisifu sofa niliyomshonea, tukaenda kushukuru, na shukrani ikaenda mpaka siku ya pili. Jumapili nikarudi kikundini nikiona haya, nikasema mbele ya wote. Hakuna aliyenigombeza wala kunipigia makofi. Walinipa vikombe nivioshe. Tangu hapo ni wiki tisa.

Sasa lililonitisha ni ntheo yenyewe. Unajua wazee wetu, pombe ya kaluvu haiwezi kukosa, na kikombe cha kwanza hupewa baba wa binti. Nilipowaeleza, kila mtu akawa na ujanja wake. Mmoja akasema nidai niko kwenye dawa za malaria, mwingine nijaze soda kwenye kibuyu. Mwenyekiti wetu, Mama Adhiambo, ambaye alipika chang'aa miaka mingi kabla ya kuacha kuipika na kuinywa, akawanyamazisha.

"Baba Mwende, sema hunywi, basi. Usipeane sababu. Ukisema ni malaria, watakungoja upone."

Akaamuru nifanye mazoezi palepale. Mzee Kamau akawa mkwe, akapewa kikombe cha chai. Akanijia ameinama kidogo, anashika kikombe kwa mikono miwili, ananiita mzee mwenzangu. Mama Mwende, nilikipokea. Nilikipokea na kushukuru, kwa adabu tu, ningewezaje kumwaibisha mgeni? Mara ya pili nikakipokea tena. Mara ya tatu nilikataa, kisha nikaomba msamaha, na nikiomba msamaha nikakuta nimekishika. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni niliogopa sana, kwa sababu niliona kwamba siku zote nimelewa kwa adabu.

Mara ya nne nikamtazama machoni nikasema, "Mimi sinywi, mkwe." Nikanyamaza. Mzee Kamau akaudhika kwelikweli kwa niaba ya ukoo wake, akaenda kuketi, akainywa chai yake mwenyewe.

Basi nakuomba nikae kwenye kile kiti. Kama umeshaamua ni Mutisya, sitanuna. Nitakuja hata hivyo, nishike kamba za mbuzi wa binti yangu, na nikimaliza nitakuwa nimeonekana nimesimama.

Nisalimie mama yangu, umwambie ugoro wake nitamletea. Nisalimie Mutisya, na shemeji yangu mkewe aliyenibeba siku ile upande wa miguu. Mchungaji msalimie pia, kama bado anapokea salamu zangu. Na Mwende usimwambie baba yake ameacha pombe. Hilo amelisikia mara nyingi. Mwambie leo sijanywa.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwende