Jina Letu Kwenye Jambia la Buluu

Jumatatu, 1 Oktoba 1912, Tiflis

Mvua tangu alfajiri. Ofisa wa Kirusi kaja karakanani, anataka jambia lenye bapa la buluu. Buluu! Fundi Tatos akaniita pembeni. Eti nikilifanya mimi, niweke jina langu mwenyewe. Miaka kumi na tisa nafua chuma hapa, Baba alifua ishirini kabla yangu, na kila jambia limetoka na jina la Tatos. Akaniuliza, "Mkurdi gani kaandikwa kwenye chuma Tiflis hii?" Anajua fika sisi Wakurdi Wayazidi buluu ni mwiko wa dini, haiingii nyumbani, hata uzi.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nimemwambia Baba habari ya jina. Akalia, mzee yule! Macho yameliwa na moto wa tanuri, machozi bado yapo. Rangi sikuitaja. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimelifanya. Chuma juu ya makaa, kikipata moto kinabadilika rangi: manjano, kahawia, zambarau – hapo ndipo Baba alinifundisha kukitoa. Sikukitoa. Buluu ikaja, nzuri kupita kiasi, Mungu anisamehe. Kisha jina, kwa uzi mwembamba wa dhahabu uliogandishwa juu ya bapa: Usiv wa Jindi.

Ofisa atalichukua Alhamisi. Fundi kaniruhusu nikamwonyeshe mzee kwanza.

Jumanne, 9 Oktoba

Baba kalipapasa jina, nikimwongoza kidole. "Hapa ndipo mimi?" Ndiyo, Baba, hapo ni Jindi. Akacheka peke yake. Halafu, "Bapa jeupe?"

Jeupe, Baba. Jeupe pe!

Nimemdanganya kipofu. Baba yangu mwenyewe.

Akalifunga kwenye shela ya marehemu Mama, akaliweka chini ya mto. Nikadhani yamekwisha. Tunakula mchana, anatangaza: kampelekea ujumbe Pir Evdal, kiongozi wetu wa dini. Kesho Jumatano, siku yetu takatifu, anakuja kulibariki, na majirani wote. "Walione wao, mimi macho ndiyo basi tena."

Pir Evdal macho yake mazima kabisa.

Baba kasinzia, nimelichomoa. Nimesugua ncha kwa jiwe – buluu inatoka. Lakini herufi ya kwanza nayo imeng'oka, uzi wa dhahabu uko sakafuni. Nikiendelea hakuna jina. Nikiacha –

Ameamka. Namsikia anapapasa kitandani.

"Usiv! Usiv mwanangu, nani kachukua jina langu?"