Neno Nililoliandika Daftarini

Kaka yangu Ambilikile,

Najua hukutarajia kuuona mwandiko wangu tena. Wewe ndiye uliyeuza ndizi zako ili nipate nguo ya kwenda nayo shule ya misheni. Huko nilijifunza kuandika, na kwa kuandika nikakuumiza.

Unakumbuka tulipokata kuni za meli pale Mwaya, wewe na shoka, mimi karani na daftari? Jioni ulikuwa ukinichungulia begani, ukitaka nikuonyeshe jina lako. Nikikuonyesha, unacheka: "Kumbe mimi ni mfupi hivi!"

Sheria ya yule bwana Mjerumani, mwenye kazi, tuliijua sote. Anayeacha kazi kwa kuaga hulipwa siku alizofanya. Anayetoroka hapati kitu, na akirudi huchapwa.

Asubuhi ile ilipokuja habari kutoka Njisi kwamba mama yu mahututi, bwana alikuwa safarini. Ukanijia mimi.

"Mdogo wangu, natangulia. Niandikie kwamba nimeaga."

"Nenda tu, kaka. Nitaandika."

Bwana aliporudi alifoka: meli inangoja, kuni hazitoshi, nani amekuruhusu kuondoka? Niliogopa, kaka. Juma lililopita alikuwa amemfukuza karani wa ghala kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikashika kalamu mbele yake, nikaandika: ametoroka. Na mazishi ya mama sikwenda, nikijidanganya kwamba kazi hainiruhusu.

Ulirudi baada ya msiba, macho yamevimba, ukaomba malipo ya siku zako ishirini na sita. Bwana akaniamuru nisome daftari kwa sauti. Nikalisoma neno lile.

"Mdogo wangu," ulisema, "mwambie nilikuaga."

Nikanyamaza. Walipokulaza chini nilizihesabu fimbo zote ishirini na tano, maana hata hizo niliamriwa kuziandika.

Wiki hiyo hiyo ukavuka mto Songwe, ukaenda upande wa Waingereza.

Sasa Wajerumani wameondoka, na bwana amekwenda nao. Ndipo nimepata ulimi, wakati hakuna tena wa kuniogofya. Hiyo nayo ni aibu.

Juzi nilimfuata shemeji, mkeo, kwao Kasumulu. Alikuwa akipepeta mchele. Nilipomweleza, aliweka ungo chini.

"Aliniambia anakwenda kutafuta fedha ya kodi," alisema. "Watu wakasema alitoroka kazi, nami nikaamini. Kwa nini hakunieleza?"

Jibu lake nalijua. Ulikuwa ukiificha aibu yangu.

Hakunitukana. Aliingia ndani kufunga mizigo akufuate, na barua hii ameibeba yeye. Nimempa pia malipo ya siku zako, nimeyapata kwa kuuza mpunga wangu. Usiyaite fidia. Ni haki yako tu, iliyochelewa.

Nami sikuombi unisamehe leo. Nakuomba urudi unipeleke kwenye kaburi la mama. Miaka yote hii sijathubutu kulikaribia peke yangu.

Mdogo wako,
Asajile