Bolti Niliyoikata Kisarawe

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na mihogo yetu hapa Tangini imeshika vizuri.

Unauliza ufunge manifoldi ya ekzosi, lile bomba la kutolea moshi kwenye injini, kwa bolti au kwa stadi, na unaona haya kurudi gereji unakojifunza kazi kwa sababu umekata bolti ndani ya injini. Nami niliwahi kukata bolti, kwenye lori pekee la kijiji chetu cha ujamaa, Kisarawe, korosho zikisubiri kusafirishwa. Nilikaza mno. Wanakijiji walipokuja juu, fundi aliyekuwa akinifunza kazi, Mzee Kondo, akasema, "Nimeikata mimi."

"Mzee, macho yamekwisha hayo," wakamcheka.

Akacheka nao. Tulikitoboa kipande kilichobaki ndani kutwa nzima, kisha akaweka stadi, kijiti cha chuma chenye hesi ncha zote mbili, ambayo hubaki ndani ya injini. Ukifungua, unatoa nati tu, na hesi za injini haziliki. Akaniambia, "Nati ikilika, tutapata nyingine. Injini hatutapata."

Basi weka stadi. Na kesho rudi gereji, useme kuwa ni wewe. Mimi sikusema, na Mzee Kondo alizikwa wanakijiji wakiamini kuwa macho yake ndiyo yaliyokosea.

Babu yako akuombeaye heri