S Inayoanzia Chini

Mzee wangu Simiyu,

Kwanza, penseli zako ziko salama. Kevo alitoka kukata chuma akataka kuchukua moja ya kuwekea alama, nikamwambia akatafute chaki yake. Ziko kwenye kile kikopo cha kahawa, zote zimechongwa, ncha zinaangalia juu vile ulivyotaka, na kipande cha msasa ulichokibandika kwenye kisanduku cha kiberiti kiko pale pale kando. Meza yako hapa karakanani Kawangware 46 haijaguswa na mtu isipokuwa mimi. Mimi nimeigusa sana, utanisamehe.

Najua ungeniuliza habari za daraja kabla hata hujaniuliza kama nimekunywa chai. Tutafika. Wacha nianze na mazishi, maana kuna jambo limenikaa rohoni na sioni mwingine wa kumwambia.

Tulikusindikiza hadi Bungoma, karakana nzima. Kevo, ambaye tangu nimjue sijawahi kumwona na shati lisilo na matundu ya cheche, alikuja na suti ya kuazima iliyomzidi mabega. Mhubiri alihubiri mpaka jua likahama. Mama Nekesa alikaa imara mpaka walipoanza kurudisha udongo. Hapo akaita, "Simiyu! Simiyu!" kama anavyokuita chakula kikiwa tayari, na sisi wengine tukashindwa kujizuia.

Kisha wakasimamisha msalaba. Mzee, sijui niseme nini. Aliyeandika jina lako alitumia rangi nyeusi na roho safi, lakini hakuchora mstari hata mmoja wa kumwongoza. Herufi zimeanza kubwa, zikaona mbao inaisha, zikabanana. Ile U ya mwisho imepanda juu kama inataka kuchungulia. Wewe, uliyeniandikisha O ukurasa mzima kwa sababu moja ilikuwa imelala, unalala chini ya maandishi kama yale! Nililia kwa sababu umekufa, halafu nikalia tena kwa sababu ya ile U. Ungekuwa kando yangu ungenifinya, na tungecheka mbele za watu.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilitoka kwetu Gatwekera kwa miguu kutafuta kazi ya kupaka rangi mageti. Ulinikuta nikiandika bei kwenye kipande cha bati, ukasimama nyuma yangu ukitafuna kijiti chako cha meno. "Nani alikufundisha kuandika?" Nikasema hakuna. Ukasema, "Inaonekana." Kesho yake ulinipa penseli na karatasi, ukaniambia mageti yatapakwa na wengine.

Wiki ya kwanza niliandika kwa mkono wa kulia. Shuleni walikuwa wamenichapa vya kutosha, nikajua mbele ya mtu mzima mkono wa kushoto hautumiki. Herufi zangu zilitetemeka kama za mgonjwa. Ulivumilia. Siku moja niliacha kujichunga wakati wa kuchonga penseli, ukaona kisu kiko mkono gani. Ulihamishia taa upande wa pili wa meza, ili kivuli cha mkono wa kushoto kisianguke kwenye kazi, ukarudi kwenye mchoro wako. Hivyo tu. Mimi nilibaki nimeinamisha kichwa usione macho yangu.

Shida ni kwamba wewe mwenyewe hukujua kumfundisha mtu wa kushoto. Kila kitu ulichokijua kilikuwa cha kulia: mstari uvutwe usisukumwe, juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Ukiuhamishia mkono wangu, unasukuma badala ya kuvuta, na kiganja kinafuta kile umetoka kuandika. Basi ukafanya jambo ambalo Kevo alilicheka mpaka akakaa chini. Ulijifundisha wewe kwanza. Asubuhi nzima unaandika A, B, C kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, na jamaa wakipita wanasema, "Mzee amerudi nursery." Ukanikalisha mbele yako, ukawa unaangalia mkono wangu unavyotembea, nawe unaufuata. Ukagundua karatasi igeuzwe kidogo, kiganja kilalie kipande kingine cha karatasi, na mistari ya kulala ivutwe kutoka kulia. Ulifurahi kama umevumbua umeme.

S nilikuwa naianzia chini, napanda nayo. Sijui nilitoa wapi. Tumbo la chini linakuwa nene, na mkia unagusa mstari na kuzidi kidogo. Nilingoja uniambie nimekosea. Ulisema tu, "Inasomeka?" Nikasema inasomeka. "Basi iache ikae."

Mengine yote hukuniachia. Mistari ya kuongoza, penseli ngumu, hafifu hivi kwamba mtu akisimama aone maandishi peke yake. Zungusha penseli kila baada ya herufi, ncha isilale upande mmoja. Nafasi katikati ya herufi usiipime kwa rula, ipime kwa jicho, kwa sababu A na V zikikaa jirani zinahitaji kusogeleana na I mbili zinahitaji hewa. Saba ivae kofia yake vizuri isije ikaitwa moja. "Simamisha herufi kama inaimba wimbo wa taifa," ulikuwa unasema. Na juu ya yote, "Chuma hakina raba." Fundi akisoma vibaya, akikata, imekatwa.

Ndiyo maana ulikuwa na ile desturi yako ya kusoma kwa mbali, ambayo wateja waliiona kama mchezo. Mchoro unatundikwa kwenye msumari mlangoni, fundi anasimama kule kwenye pipa la maji, anasoma kwa sauti kila neno na kila tarakimu. Akisoma bila kuuliza, grinda ya kukatia chuma inawashwa. Akikwama pahali pamoja tu, mchoro unarudi mezani. Nimerudishiwa michoro mingi kuliko mtu yeyote pale. Moja ulinirudishia Kevo akiwa amepiga chafya tu.

Kisha kikaja kiharusi, mkono wa kulia ukakataa. Nilidhani meza imefungwa. Nilikuja kwako nyumbani na maneno ya pole niliyokuwa nimeyapanga njiani kote, ukanikatiza, mdomo umepinda upande, ukasema pole pole, "Ule mwingine si ulienda shule?" Mama Nekesa alicheka huku anafuta machozi kwa leso. Baada ya muda ulirudi kazini, umekaa kwenye kile kiti cha plastiki, unaandika kwa mkono uliousomesha kwa ajili yangu. Sikukwambia vile nilivyojisikia. Nilisikia fahari, Mzee. Nilisikia kama kuna kitu nimekufanyia bila kujua.

Sasa daraja.

Akina mama wa kanisa la kwetu Gatwekera walipokuja kwako kuomba daraja la chuma la kuvukia mtaro wa njia ya shule, ulikubali kabla hawajamaliza kuomba. Ulijua ndiko navukia kila asubuhi. Ulijua ile mbao ya kuvukia imeoza, na kwamba wakati wa mvua watoto wa nursery wanabebwa mgongoni au hawaendi shule. Ulichora wewe mistari yote, mimi nikishika rula. Ukaanza maandishi upande wa kushoto wa karatasi. Ijumaa ukachoka, ukafunika mchoro kwa gazeti, ukasema tutamaliza Jumatatu. Jumatatu asubuhi Mama Nekesa ndiye aliyepiga simu.

Nusu ya mchoro ilikuwa na maandishi yako. Nusu ilikuwa tupu. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Tuliporudi kutoka Bungoma nilisema nitamaliza. Kevo hakunitukana, alikuwa mpole, na huo upole ndio uliniuma zaidi. "Akinyi, geti likikosea tunarudia. Hapa watoto watapita. Sisi hukata kwa mkono wa mzee." Alitaka mchoro upelekwe mjini, uchorwe upya kwa kompyuta na mtu asiyeujua mtaro. Huyo naye alikuwa na foleni, angetufikia mvua ikiwa imeshapita. Nikaomba nafasi moja. Nimalize, tutundike, wasome. Wakikwama mahali, upelekwe mjini na sitasema neno.

Nilijua watakachotafuta. Watatafuta pale wewe ulipoishia na mimi nilipoanzia, na wakishapaona, kila tarakimu ya upande wangu wataitilia shaka. Kwa hiyo nikaamua kukuiga. Nilishusha michoro yako ya zamani ukutani, ile ya ngazi na stendi za matangi uliyoiandika kwa mkono wa kulia, nikiamini huo ndio mkono wako wa kweli, S zake nyembamba nzuri zinazoanzia juu. Nilijaribu mpaka karatasi zikaisha. Hazikuwa zako na hazikuwa zangu. Zilikuwa kama Kevo ndani ya ile suti. Mwishowe nikachoka, nikasema liwe liwalo, nikachora mistari yangu hafifu, nikaandika kwa mkono wangu kama nilivyozoea. UPANDE WA SHULE. SAKAFU. SHIKIO LA WATOTO, lile bomba la chini la kushikwa na wadogo ulilosisitiza liwepo.

Tukatundika. Kevo akausogelea kwanza, akaukodolea macho, akanigeukia amekunja uso. "Akinyi, wacha kutucheza. Si ulisema mzee alifanya nusu? Hii yote ni mkono wako."

Nilipandwa na hasira, Mzee. Kukataa yangu ni sawa, lakini kukunyang'anya yako! Nilimwambia akome. Nikamsogeza, nikaweka kidole upande wa kushoto kabisa, mahali nilipokuona kwa macho yangu ukiandika SAKAFU ya upande wako huku penseli ya pili ukiwa umeisahau sikioni. Nikafungua mdomo nimwonyeshe.

Ilikuwa S yangu. Tumbo la chini nene, mkia umezidi mstari kidogo. Zote, kila mahali ulipoandika. Nilikuwa nimehangaika kukuiga, kumbe mkono wako wa kushoto ulijifunza kuandika ukiutazama wangu, na kosa langu ukalichukua pamoja na mengine, ukalitunza. Nilibaki nimesimama na kidole juu ya karatasi. Kevo akauliza kama naumwa. Nikamwambia nusu moja ni ya mzee na nusu ni yangu, na akiweza kunionyesha mpaka, auchane mchoro.

Alitafuta. Aliita na wenzake. Walisogea wakarudi, mmoja akavua miwani, mwingine akasema hapa, Kevo akasema hapana, hapo. Mwishowe Kevo akasema, "Haya basi, wacha tusome."

Akaenda akasimama kwenye pipa. Akasoma upande wako wote kwa ile sauti yake ya kutangaza mechi. Akaingia upande wangu bila kujua ameingia. Mimi peke yangu nilijua, na nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yako. Alipofika SHIKIO LA WATOTO akanyamaza. Nikasema basi, imekwisha. Alikuwa anajifuta uso na mkono wa shati. "Moshi," akasema, na hakuna mashine iliyokuwa imewashwa. Kisha akaendelea mpaka neno la mwisho, hakuuliza kitu, akavaa miwani yake akawasha grinda.

Jina la mchoraji huandikwa mwisho, baada ya kusomwa. Nililiandika huku chuma kinalia nyuma yangu. SIMIYU NA AKINYI. Wewe mbele, usibishe.

Daraja liko, Mzee. Lilifika kabla ya mvua, tukalibeba vipande vipande mabegani kwa sababu gari halifiki kule. Nalipitia kila asubuhi. Halichezi. Watoto hawalipiti polepole hata wakionywa. Wanapenda ule mlio wa viatu juu ya chuma, wanarudi nyuma ili wavuke tena, na wadogo wanashika lile shikio lao la chini. Kuna mmoja aliniuliza nani amelitengeneza. Nikamwambia ni mwalimu wangu. Akauliza yuko wapi. Hapo nilidanganya, nikasema amesafiri.

Nakukosa sana. Nakukosa nikichonga penseli, na nikitaka kumwambia mtu kwamba nafasi ya leo kati ya A na V imekaa vizuri. Hakuna anayejali, wananiona nimechanganyikiwa. Mama Nekesa anakuja Ijumaa kuketi kwenye kiti chako cha plastiki na kunikosoa vile ulivyokuwa unanikosoa, ingawa hajui anachokosoa. Namwacha. Nadhani sote wawili tunapata nafuu.

Lala salama, Mzee wangu. Desemba, watu wakienda nyumbani, nitaenda Bungoma na Mama Nekesa. Nimeshamwomba ruhusa. Nitabeba msasa, rangi, brashi nyembamba na uzi wa kuchorea mistari. Nitaifuta ile U na wenzake wote mpaka mbao iwe nyeupe, nitapima nafasi kwa jicho, nitakuandika upya umesimama wima. Kisha nitarudi nyuma mpaka kwenye ua, nisome jina lako kwa sauti. Na S nitaianzia chini, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiiandika wewe.

Mwanafunzi wako,
Akinyi