Birika kwenye Mabati

Jumatatu, 7 Mei 2007
Stensili sita kabla ya chai. Nakata kwa wembe kwenye kadi ngumu. Kila mteja wa kago ana alama yake, nyota, samaki, herufi mbili za jina, na Delphin, mwenzangu wa stoo, anazipaka kwenye marobota kwa rangi nyeusi ili huko nyumbani kila mtu aujue mzigo wake. Mimi nakata, natunza daftari la alama, najaza hati. Sitii sahihi. Sahihi ni ya bosi, Papa Kalonda. Jina langu haliko kwenye karatasi yoyote ya ofisi hii, na ndivyo ninavyotaka. Viza yangu inaisha Julai.

Mama Sifa wa Mbeya kaja kutaka alama mpya. Birika. Aliwahi kuuza chai stendi kabla ya kuanza nguo. Kasimama akiniinamia wakati nakata. "Mwanangu, unashika wembe kama unamnyoa baba mkwe!" Nikacheka, wembe ukateleza, mdomo wa birika ukachanika. Nilitaka kukata nyingine. Kakataa. Kasema birika lake la Mbeya nalo lilikuwa na pengo hapohapo. Kaondoka kwenda soko la Zhongda kununua vitambaa.

Jumatano, 9 Mei
Mama Sifa kakamatwa. Juzi jioni, akirudi na vitambaa kichwani. Tumejua leo.

Ni pale kwenye daraja la waenda kwa miguu, juu ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Polisi wa Kichina wanasimama kwenye ngazi na kutaka pasipoti. Viza yake ilikuwa imekwisha. Wanasema atarudishwa Dar moja kwa moja, hata begi hatachukua.

Xiaobei, mtaa wetu wageni, sasa ni miji miwili. Wenye viza hai tunavuka. Waliopitiliza viza wanabaki upande walioamkia. Delphin hajavuka tangu Februari. Analala stoo, juu ya marobota.

Nimevuka leo kwenda kula. Mkono mfukoni, kwenye pasipoti, njia nzima. Sikusikia ladha ya chakula.

Ijumaa, 11 Mei
Kuna picha kwenye mabati.

Mabati yale yanazunguka kiwanja kilicho mbele ya dirisha letu, chini ya daraja. Nyumba za zamani zinaondolewa, ghorofa linakuja. Manispaa imeandika neno lake la "bomoa" kwa rangi nyekundu, ndani ya duara, kila hatua chache. Leo chini ya duara moja kuna uso wa Mama Sifa, mrefu kuliko mlango. Kilemba, pengo la meno, kila kitu. Anatazama ngazi za daraja. Chini ya uso, kwa rangi nyeusi, birika.

Mdomo wa birika umechanika.

Ni stensili yangu. Delphin alikuwa mchoraji wa mabango ya saluni huko Bukavu, nani asiyejua. Nimefungua droo yangu. Haimo.

Jumapili, 13 Mei
Nyuso tatu sasa. Wote walichukuliwa darajani mwaka huu. Kila mmoja na alama yake. Zote nimezikata mimi.

Ng'ambo watu wanajipanga kwenye vyuma vya kando ya barabara na kutazama. Hawavuki. Wanaonyeshana kwa vidole: yule ni fulani, yule tulikuwa naye chumba kimoja. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti.

Kanisani watu wamekaa mafungu mawili. Wenye viza wanasema picha zifutwe, zinatuletea polisi mlangoni. Wengine wanasema ninyi mnaogopa maduka yenu. Mchungaji kafupisha ibada.

Nimemfuata Delphin stoo. Nimemwambia mdomo wa birika unatutaja. Kacheka. "Weye karani, unaogopa hata kivuli yako. Mi niko naandika adresi tu, petit. Mzigo bila marque, bila alama, inapoteaka. Mutu pia."

Nikamwomba anipe ile stensili niichome. Kasema marobota ya Mama Sifa bado hayajapakwa, itahitajika. Kairudisha droo ya meza yangu, mahali pake, kwa heshima, kama sahani ya mwenye nyumba.

Sikuichoma. Nilikuwa na usiku mzima wa kuichoma. Niliogopa moshi.

Jumanne, 15 Mei
Nitaandika yote.

Saa nne. Meneja wa jengo na polisi wawili. Walikuwa wameanzia ofisi za kago za ghorofa ya chini. Picha ya birika mkononi. Papa Kalonda kasema "Mei you, mei you," hakuna, hatuna alama hiyo. Wakafungua droo yangu. Wakaiweka kadi juu ya picha. Mdomo juu ya mdomo.

Meneja kaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama mwalimu. Nani anapaka?

Sikusema kitu. Naapa sikusema neno.

Niliangalia mlango wa stoo.

Basi. Hiyo tu. Macho yalikwenda yenyewe. Walimtoa akiwa na brashi mkononi. Akiwa mlangoni kanigeukia. Hakunitukana. Kasema, "Karani, funika rangi, itakauka." Nikafunika.

Mimi ni mwoga. Hakuna neno jingine.

Alhamisi, 17 Mei
Mabati yamepakwa kijivu. Manispaa imeandika upya neno lake jekundu.

Jioni Papa Kalonda kasema moja tu: "Hata mimi ningeangalia." Haikunisaidia.

Meneja ametoa amri. Kila hati ya mzigo, nakala kwake, yenye jina kamili la mtumaji na namba ya pasipoti. Polisi watazisoma.

Jumanne, 22 Mei
Delphin alisafirishwa Jumapili. Ameacha katoni moja stoo. Mashati, Biblia, brashi nane zilizooshwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

Papa Kalonda kaniambia niiache, pamoja na marobota ya Mama Sifa. Mzigo wa waliofukuzwa, nani atajiandika mtumaji? Yeye ana watoto wanne wanaosoma. Sikubishana.

Jumatatu, 28 Mei
Mvua asubuhi. Ofisi kimya.

Nimekata birika upya. Mdomo nimeuchana kwa makusudi, palepale, maana Mama Sifa ataitafuta alama ile. Kisha nimemkatia Delphin alama yake. Hakuwahi kuwa nayo. Brashi. Imetoka nene kidogo.

Nimepaka mwenyewe. Marobota manne, katoni moja. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Hati mbili. Mpokeaji, Mama Sifa, Mbeya. Mpokeaji, Delphin, Bukavu, kupitia Dar. Kwenye nafasi ya mtumaji nimeandika jina langu, majina yote matatu, na namba ya pasipoti. Sahihi yangu ni mbaya, sijaizoea.

Papa Kalonda kasoma. Kagonga muhuri.

Nakala nimepeleka mwenyewe kwa meneja. Hakuinua kichwa. Kaziweka juu ya nyingine.

Mchana sikuvuka daraja. Nimekula mkate dirishani. Vidole vilikuwa bado vyeusi.